Binti Yako Anasomea Mgonjwa Yupi?



Mwezi huu naomba niache kidogo mambo ya chanjo na lishe ya watoto, nijibu barua ya mama mmoja ambaye ameniruhusu niitumie bila kumtaja jina. Binti yake ni muuguzi katika jimbo la Minnesota, huko Marekani. Ameolewa, ana watoto wawili wadogo, na kwa miaka sita sasa anafanya zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Hivi karibuni alipiga simu kusema kwamba anataka kurudi chuoni awe "nesi praktishona", tena anamwomba mama yake aende akae naye amsaidie kulea wajukuu. Mama anaandika: "Huyu si muuguzi tayari? Anasomea nini tena? Kama anataka kutibu, kwa nini asisomee udaktari moja kwa moja? Baba yake anasema ni tamaa ya fedha tu. Nami hapa nina mama mkwe ambaye hawezi kujigeuza kitandani. Nitamwachia nani?"

Swali hili si la mama huyu peke yake. Nimeulizwa na wengine pia tukitoka ibadani, maana siku hizi nyumba nyingi zina mtoto, mpwa au mkwe anayefanya uuguzi nje. Mimi nilisomea uuguzi hapa nyumbani, kwa stashahada, lakini wenzangu kadhaa tuliosoma pamoja wamepita njia hiyo ya huko, na mambo yake nimeyafuatilia kwa karibu. Basi nitaeleza ninavyoyafahamu.

Nianze na jina lenyewe. Nesi praktishona ni muuguzi aliyeongeza elimu mpaka ngazi ya shahada ya uzamili au zaidi, na sheria ikamruhusu kumpima mgonjwa, kuagiza vipimo, kusema huu ni ugonjwa fulani, na kuandika dawa. Mimi nitamwita muuguzi tabibu ili tuelewane. Kwetu Tanzania, katika zahanati na vituo vya afya, kazi inayofanana na hiyo tunaiona kwa tabibu. Lakini tabibu wetu hakupitia uuguzi. Huyu wa Marekani ni muuguzi kwanza, na masomo yake yanajengwa juu ya uuguzi.

Kazi hii ilianza mwaka 1965 katika Chuo Kikuu cha Colorado. Muuguzi aitwaye Loretta Ford, aliyekuwa amefanya kazi ya afya ya jamii vijijini, alishirikiana na daktari wa watoto Henry Silver kuanzisha mafunzo ya kwanza. Madaktari walikuwa wachache, hasa mbali na miji, na Mama Ford alikwisha kuona kwamba muuguzi wa kijijini huko anafanya mengi kuliko yaliyoandikwa kwenye cheti chake. (Nadhani kila muuguzi aliyewahi kupangwa zahanati ya mbali anaelewa hapo.) Wapo waliompinga, hata wauguzi wenzake, wakisema anawageuza wauguzi kuwa madaktari wadogo. Aliishi akaona matunda ya kazi yake, kwani alifariki Januari 2025 akiwa na umri wa miaka 104, wakati Marekani ikiwa na wauguzi tabibu zaidi ya 300,000.

Angalieni kwamba mafunzo yale ya kwanza yalikuwa ya kuhudumia watoto tu. Hapo ndipo penye jambo ambalo mama huyu hakuliuliza, lakini ndilo kubwa kuliko yote aliyouliza. Kwetu, muuguzi wa zahanati ni wa wote. Asubuhi anampima mjamzito, saa nne anamwona mtoto mwenye kifua, mchana analetewa mzee aliyeanguka. Marekani muuguzi tabibu hasomeshwi hivyo. Kabla hajaingia darasani anatakiwa aseme atahudumia wagonjwa wa aina gani, na hao ndio atakaosomeshwa, atakaotahiniwa, na atakaoruhusiwa kuwatibu. Mwaka 2008 vyama na mabaraza ya wauguzi ya huko yalikubaliana juu ya makundi sita: familia nzima, watu wazima na wazee, watoto, watoto wachanga, afya ya wanawake, na wagonjwa wa akili. Kundi la watoto na lile la watu wazima yamegawanywa tena mara mbili, yaani wagonjwa wa kliniki upande mmoja na wagonjwa mahututi wa hospitalini upande mwingine.

Masomo ya mwanzo wote huyapata, awe wa kundi lolote. Yapo matatu ambayo hayakwepeki: jinsi mwili unavyoharibika katika ugonjwa, dawa na utendaji wake, na jinsi ya kumpima mgonjwa kuanzia utosini hadi nyayoni. Baada ya hapo wanatengana, na ukitazama wanachokwenda kusomea utaona kwa nini.

Chukua mtoto njiti mwenye uzito wa kilo moja. Mapafu yake bado hayajatengeneza ule ute unaozuia vifuko vya hewa visigandamane, ini lake halijakomaa, na dawa yake hupimwa kwa vipande vya mililita. Kosa la nukta moja katika hesabu ni maisha ya mtoto. Muuguzi tabibu wa watoto wachanga hufundishwa kuingiza mpira wa kupumulia kwenye koo dogo kama hilo, na kupitisha mrija katika mshipa wa kitovu. Ndiyo maana vyuo kwa kawaida havimpokei mtu katika kundi hili, au havimruhusu kuanza mazoezi, mpaka awe amefanya kazi ya uuguzi miaka miwili katika wodi ya wachanga mahututi.

Sasa mchukue bibi wa miaka 85. Huyu anaweza kuwa na maambukizi makali asipate homa hata kidogo. Unachokiona ni kwamba jana alikuwa akiwatambua wajukuu na leo anaongea maneno yasiyoeleweka. Figo zake zinatoa dawa mwilini polepole, kwa hiyo kipimo kilicho sawa kwa mtu wa miaka 40 kwake kinakuwa sumu. Anakunywa vidonge vya aina tisa alivyoandikiwa na watu wanne wasiojuana. Muuguzi tabibu wa watu wazima na wazee husomea mambo haya kwa kina. Wagonjwa wake huanzia umri wa kubalehe na kuendelea, lakini mtoto wa miaka mitano si wake, hata kama anaketi jirani naye kanisani na mama yake anambembeleza.

Muuguzi tabibu wa watoto anawahudumia tangu kuzaliwa mpaka miaka 21 hivi. Wa afya ya wanawake anafanya kliniki ya wajawazito, uzazi wa mpango, uchunguzi wa saratani ya shingo ya kizazi na ya matiti, na matatizo ya kukoma hedhi. Hapa akina mama wengi huchanganya: huyu hazalishi. Kuzalisha ni kazi ya mkunga mwenye shahada ya juu, ambaye huko ana masomo yake na leseni yake mbali, kama vile muuguzi wa kutoa dawa ya usingizi alivyo na yake. Kwa hiyo binti anayependa wodi ya wazazi, anayetaka kumpokea mtoto kwa mikono yake, asijiandikishe afya ya wanawake akidhani ndiko kuliko na kuzalisha.

Kundi la wagonjwa wa akili linahudumia watu wa umri wote, kuanzia mtoto hadi mzee. Mhitimu wake huandika dawa za sonona, za hofu iliyozidi, za wanaosikia sauti, za walevi wanaotaka kuacha. Wanahitajika sana kwa sababu madaktari wa akili ni wachache. Mama anayeona giza kila asubuhi baada ya kujifungua ni mgonjwa wao. Bado tunaona aibu kuyataja haya hadharani, kwetu na hata kwa ndugu zetu waliohamia huko, na muuguzi anayeweza kuzungumza na mama kama huyo kwa Kiswahili ana thamani ambayo haimo kwenye mshahara.

Limebaki kundi la familia, ambalo ndilo kubwa. Karibu saba kati ya kila wauguzi tabibu kumi wa Marekani walisomea hilo. Linachukua watu wa umri wote, na kwa hiyo linafanana zaidi na zahanati zetu. Lakini ni la kliniki. Mhitimu wake hakufundishwa kumsimamia mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia, na hospitali nyingi hazimchukui kwa kazi hiyo.

Sasa nirudi kwa binti wa Minnesota. Barua inasema amechagua familia "kwa sababu rafiki zake wote wamechagua hiyo". Mimi sikuipenda sababu hiyo. Si kwamba familia ni mbaya. Akitaka kufanya kazi katika mji mdogo ambako kliniki ni moja na kila mtu anaingia mlango huo huo, au akiwa hajui mume atahamishiwa wapi, familia itamfaa sana. Lakini huyu ana miaka sita na wazee. Amekwisha kuwajua kwa macho: anajua bibi fulani akikataa uji kuna jambo. Hiyo ni mali, na katika kundi la watu wazima na wazee angeanza akiwa na hatua kumi mbele ya wenzake. Kwa upande mwingine, huenda miaka hiyo sita imemchosha na moyo wake uko kwa watoto. Basi aseme hivyo. Mama, hilo wewe unaweza kumwuliza kwenye simu vizuri kuliko mimi: zamu ikiisha, ni mgonjwa yupi anayebaki akimfikiria?

Nasisitiza kwa sababu kugeuka baadaye kuna gharama. Aliyehitimu kundi moja akitaka jingine hurudi chuoni kuchukua cheti cha nyongeza, na mara nyingi hiyo ni kama mwaka mmoja au zaidi. Ana mazoezi mapya ya kufanya na mtihani mpya wa taifa. Ni ada juu ya ada.

Kuhusu udaktari, hesabu ni hii. Mwenye shahada ya kwanza akienda shule ya udaktari huko atakaa miaka minne, kisha mafunzo ya hospitalini yasiyopungua miaka mitatu, yote kwa siku nzima na mara nyingi usiku. Mwenye shahada ya kwanza ya uuguzi anaweza kuwa muuguzi tabibu kwa miaka miwili hadi minne, na wengi husoma huku wakiendelea na kazi. Mwenye watoto wadogo ataona tofauti. Lakini kama binti ana stashahada tu, kama mimi, inambidi apate kwanza shahada ya kwanza, au atafute chuo chenye mpango wa kuunganisha. Ipo pia shahada ya udaktari wa uuguzi. Mwaka 2004 vyuo vya uuguzi vya Marekani vilipendekeza iwe ndiyo ngazi ya kuingilia ifikapo 2015, lakini haikuwa hivyo, na shahada ya uzamili bado inatosha kwa muuguzi tabibu. Asishawishiwe kulipia miaka ya ziada kwa kuambiwa ni lazima. Akiitaka kwa ajili ya kufundisha au kuongoza, hiyo ni habari nyingine. (Na akija nyumbani harusini wakamwita Daktari, mwacheni afurahi.)

Baba naye anasema ni fedha. Fedha zipo, kwa nini tufiche? Kwa takwimu za serikali ya Marekani za mwaka 2024, nusu ya wauguzi tabibu walipata zaidi ya dola 129,000 kwa mwaka, wakati nusu ya wauguzi waliosajiliwa walipata zaidi ya dola 93,000. Lakini muuguzi anayekesha na kuchukua zamu za ziada anaweza kukaribia mshahara wa mwanzo wa muuguzi tabibu, bila deni la chuo. Kwa hiyo anayekwenda kwa fedha peke yake anaweza kushangaa mwaka wa kwanza. Mikopo nayo aiulizie vizuri, maana mwaka 2025 ilipitishwa sheria mpya inayoweka mipaka kwenye mikopo ya serikali kwa wanaosoma shahada za juu, na asiye raia wala mkazi wa kudumu kwa kawaida haipati kabisa. Ninachomwomba baba akitazame pia ni usiku. Kazi nyingi za kliniki ni za mchana. Mama wa watoto wawili ambaye kwa miaka sita analala jua likiwaka akitafuta njia ya kulala usiku na familia yake, mimi siwezi kuiita hiyo tamaa.

Sasa swali la kwenda kulea, ambalo naona ndilo linalomkosesha mama usingizi.

Vyuo vingi hufundisha nadharia kwa intaneti. Binti atakuwa nyumbani na kompyuta yake, akisoma watoto wakilala. Ni vigumu, lakini si wakati wa kumtoa mama Afrika. Wakati mgumu kweli ni mazoezi ya kutibu, ambayo hayafanyiki kwa intaneti. Ni ana kwa ana, chini ya muuguzi tabibu au daktari anayemwangalia, tena na wagonjwa wa kundi lake. Kwa miaka mingi kiwango cha chini kilikuwa saa 500, na viwango vipya vilivyotolewa mwaka 2022 vimepandisha mpaka 750. Tupige hesabu ya jikoni: akifanya siku mbili kwa juma, saa nane kila siku, hizo ni saa 16, na saa 750 zitamchukua majuma kama 47. Karibu mwaka mzima, juu ya kazi ya mshahara na juu ya watoto. Hapo ndipo ndoa huyumba na watoto huanza kulala wamevaa sare za shule.

Mgeni anayekwenda kutembelea Marekani kwa kawaida haruhusiwi kukaa zaidi ya miezi sita kwa mara moja. Mama akienda sasa, binti akiwa anasoma nadharia, ruhusa itakwisha kabla ya mazoezi kuanza. Amwulize binti mazoezi yanaanza mwezi gani, ndipo wapange. Muda huo wa kungoja utawafaa pia hapa nyumbani kwa ajili ya mama mkwe. Mgonjwa asiyejigeuza hawezi kuachiwa msichana wa kazi aliyeanza juzi. Yeyote atakayebaki naye, awe wifi au shemeji, afundishwe mwezi mzima mama akiwapo: kumgeuza kila baada ya saa mbili, kukagua kiuno, visigino na mifupa ya nyonga, kumlisha akiwa ameinuliwa asipaliwe. Na kama katika ukoo hakuna mtu wa kubaki naye, mama asiende. Mkwe wake huko Minnesota ni baba wa watoto hao, naye ana mikono miwili.

Kuna jambo la chuo ambalo binti alichunguze kabla ya kulipa hata dola moja. Vyuo vingine humtafutia mwanafunzi mahali pa mazoezi na mtu wa kumsimamia. Vingine humwachia atafute mwenyewe, na hapo wauguzi wengi, hasa wageni wasio na watu wa kuwashika mkono, huhangaika miezi, wakapigiwa simu na kliniki moja baada ya nyingine wakiambiwa nafasi hakuna. Wengine huishia kulipa mawakala. Rafiki yangu mmoja alisimama muhula mzima kwa sababu hiyo, wakati ada ilikwisha kulipwa. Kwa hiyo aulize kwa maandishi: nani atanitafutia mahali pa mazoezi? Aulize pia kama chuo kina kibali cha kufundisha mkazi wa Minnesota, kama kimethibitishwa, na ni wanafunzi wangapi hufaulu mtihani wa taifa kwa mara ya kwanza. Chuo kizuri hakioni vibaya kuulizwa.

Jimbo nalo lina maana. Minnesota ilibadili sheria, na tangu mwaka 2015 muuguzi tabibu anaweza kufanya kazi bila mkataba wa kusimamiwa na daktari, baada ya kumaliza kwanza saa 2,080 za kufanya kazi kwa ushirikiano na mwenye uzoefu. Texas, ambako nako kuna ndugu zetu wengi, bado inadai makubaliano na daktari ndipo aandike dawa. Familia ikifikiria kuhamia kwenye joto, wajue hilo mapema.

Mwisho, mama aliuliza kama binti ataweza kurudi kufanya kazi hiyo hapa. Botswana ilianza kufundisha wauguzi tabibu wa familia yake yenyewe mapema miaka ya 1980, lakini kila nchi ina sheria zake. Ruhusa ya kuandika dawa aliyopewa na jimbo la Minnesota haivuki bahari pamoja naye. Hapa atasajiliwa kama muuguzi, na elimu yake ya juu itatambuliwa kwa utaratibu wetu. Akiwa na nia hiyo, atunze silabasi za kila somo na hati za saa zake za mazoezi zikiwa na mihuri, na awasiliane na Baraza la Uuguzi na Ukunga angali huko, kabla hajaaga kazini.